Amplifaya ya Zamani ya Gitaa: Namna ya Kutafuta Ubovu Wake kwa Utaratibu

Watu wa Taita-Taveta hawana haja ya kufundishwa thamani ya gitaa. Fadhili William Mdawida, mwana wa nchi hii aliyezaliwa mwaka 1938, ndiye aliyeurekodi kwanza wimbo wa Malaika pamoja na bendi yake ya Jambo Boys, na wimbo huo umeimbwa hata katika nchi ambazo watu wake hawajui neno jingine la Kiswahili. Katika siku zile amplifaya za gitaa, yaani mashine za kukuza sauti yake, zilikuwa karibu zote za vali. Mashine za namna hiyo zingali zapatikana kwa wanamuziki na wapenzi wa vitu vya kale, na wapigaji wengi wazipenda kuliko za siku hizi kwa sababu ya utamu wa sauti yake. Lakini mara nyingi mashine inayonyamaza huuzwa kama chuma chakavu, kumbe ubovu wake ni waya mmoja uliokatika. Yafaa basi tueleze utaratibu wa kuutafuta ubovu huo.

Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa yote. Ndani yake mna uzi mwembamba unaowaka kama uzi wa globu, na joto lake huufanya umeme uruke kutoka katikati kwenda kwenye bamba la chuma linaloizunguka sehemu hiyo. Kati ya hizo mbili pana wavu mdogo. Umeme dhaifu wa gitaa huingia kwenye wavu, nao hutawala umeme mwingi upitao kwenda kwenye bamba, kama mlango mdogo wa mfereji unavyotawala maji ya shamba zima. Hivyo ndivyo sauti ndogo inavyokuwa kubwa.

HATARI YA MAUTI

Kabla ya kushika bisibisi, msomaji ajue kwamba ndani ya mashine hii mna umeme wa volti 300 na zaidi, hata kupita 400 katika zile kubwa. Tena kuchomoa plagi peke yake hakutoshi. Kapasita kubwa huuhifadhi umeme huo kama mtungi uhifadhivyo maji, na mtu aweza kuuawa na mashine iliyokwisha kuchomolewa. Chomoa plagi, ngoja, kisha unganisha kila kapasita kubwa na chombo cha chuma cha mashine kwa kutumia rezista ya ohm 10,000 iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa mpira. Halafu pima kwa mita, wala usiguse kitu mpaka volti zimeshuka chini ya 10. Asiyekuwa na mita asiifungue mashine. Ampelekee fundi anayejua kazi hii.

Jambo la pili ni waya wa ardhini. Mashine nyingi za kale zililetwa zikiwa na waya mbili tu. Mpigaji ashikaye nyuzi za gitaa na kugusa maikrofoni kwa mdomo aweza kupigwa na umeme mbele ya watu wote. Mashine ya namna hiyo itiwe waya wa tatu, ule wa kijani wenye mstari wa manjano, ufungwe barabara kwenye chuma chake. Tena usiiwashe kamwe bila spika, kwani transfoma ya kutolea sauti yaweza kuungua.

MASHINE ILIYOKUFA KABISA

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Basi tuanze na mahali pabovu. Jaribu soketi ya ukutani kwa taa unayojua kuwa ni nzima. Tazama fyuzi ya plagi, kisha fyuzi ya mashine. Tazama pia kitufe cha kuchagulia volti: mashine iliyotoka Marekani ilitengenezwa kwa volti 110 hadi 120, na umeme wetu wa Kenya ni 240. Kuichomeka hivi hivi bila transfoma ya kupunguzia umeme ni kuichoma moto.

Ikiwa fyuzi imekatika, weka nyingine ya kipimo kile kile kilichoandikwa. Ikikatika tena, acha. Wako watu ambao huweka msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Hao huokoa shilingi chache na kupoteza transfoma, pengine na nyumba. Mafundi hutumia globu ya zamani ya wati 60 au 100, ile yenye uzi, iliyofungwa katika waya mmoja wa umeme uendao kwenye mashine. Globu ikiwaka sana kwa nukta moja kisha ikafifia, hali ni njema. Ikibaki kuwaka kwa nguvu, ndani mna mahali ambapo umeme unapita njia ya mkato. Zima, uzitoe vali za nguvu pamoja na ile ya kugeuzia umeme, kisha ujaribu tena. Globu ikififia sasa, tafuta kosa katika vali hizo au njia zake. Ikizidi kuwaka, transfoma kubwa yashukiwa.

INAWAKA LAKINI HAISEMI

Badilisha kwanza waya wa gitaa, kwani huu hukanyagwa kila siku. Kisha chomoa spika na uguse ncha zake kwa betri ndogo ya volti 1.5, spika nzima hutoa mlio mdogo wa “tap”. Halafu zitazame vali. Ile isiyowaka uzi huenda imekatika ndani, au miguu yake haikushika vema. Ile ambayo doa lake la rangi ya fedha limegeuka jeupe kama maziwa imekwisha kuingiwa na hewa, nayo haina dawa.

MVUMO NA MIKWARUZO

Mvumo mzito usiokwisha hutoka mara nyingi kwenye kapasita kubwa za kusafishia umeme, ambazo hukauka kwa miaka. Joto la Voi, mji ulio chini ya mita 600 juu ya bahari, huziharakisha kukauka. Punguza sauti kwa kifundo: mvumo ukipungua, kosa liko kabla ya kifundo hicho, pengine waya wa gitaa au vali ya kwanza, ukibaki vile vile, liko baada yake, na kapasita ndizo za kushukiwa kwanza.

Mikwaruzo nayo husababishwa na vumbi na kutu katika vifundo na soketi za vali. Unyevu wa ukungu wa milimani kama Wundanyi huleta kutu kama vile vumbi la tambarare linavyoleta uchafu. Dawa yake ni kusafisha. Vali yenyewe yaweza kuchunguzwa kwa kuigonga polepole na penseli ya mti: ile inayolia kama kengele katika spika ibadilishwe.

BAMBA LIKIWA JEKUNDU

Uzi wa vali kuwaka ni desturi, lakini bamba lake likigeuka jekundu, zima mara hiyo. Mara nyingi kapasita ndogo iliyo kabla ya vali ya nguvu inavujisha umeme kwenye wavu. Katika mashine ndogo nyingi za vali za EL84, wavu hupaswa kuwa karibu na volti sifuri; mita ikionyesha volti kadhaa za chanya, kapasita hiyo itolewe. Kubadilisha vali tu bila kuondoa sababu ni kuichoma na ile mpya.

VIPURI

Vali zingali zatengenezwa katika nchi kama Slovakia, Urusi na China. Mnunuzi ajue kwamba moja yaweza kuwa na majina mawili: ECC83 ya Ulaya ndiyo 12AX7 ya Marekani, na EL84 ndiyo 6BQ5. Aandike namba iliyo kwenye kioo, wala asinunue kwa kulinganisha sura.

Mwisho, kila fundi awe na daftari. Aandike alichokikuta, volti alizopima, na alichobadilisha. Tena abadilishe kitu kimoja kwa mara moja. Abadilishaye vitu vitano pamoja huenda akaiponya mashine asijue ugonjwa wake, na siku ubovu utakaporudi, tuseme jioni ya arusi kule Mwatate na wageni wamekwisha keti, ataanza upya kama mtu asiyejifunza lolote.