Simu Nzima, WhatsApp Imekataa

Wanachama wenzetu, hasa ninyi mlioko Musoma, Bunda na Butiama, ambao habari za mikarafuu yenu huzipata kwa simu tu, yafaa mjue jambo hili.

Tarehe 1 Januari, 2025, WhatsApp ilianza kutaka Android 5 au zaidi. Simu ya zamani yaweza kuwa nzima, lakini mtengenezaji akiacha kuitolea mfumo mpya, programu hukataa. Hasara humwangukia mwenye simu, wala hakutenda kosa. Nasi jambo hili latuudhi.

Basi, kabla ya kumlipa fundi, tazameni kwanza nambari ya Android katika mipangilio. Ikiwa ni 4, tuarifuni. Habari za chama tutawapelekea kwa ujumbe mfupi wa kawaida.