Giaboksi imekaa, starta imegoma

Kushusha giaboksi ya Toyota Probox hakumtishi mtu Uriri. Barabara ya A1 inapita hapa, kati ya Awendo na mji wa Migori, na magari haya hushinda juu yake yakibeba abiria na magunia mpaka kitu kikatike. Giaboksi ikichoka, mwenye gari anapiga hesabu: atanunua nyingine iliyotumika Japani, ipakiwe kwenye basi la usiku kutoka Nairobi, kisha aifunge mwenyewe na shemeji yake chini ya mwembe. Ni chuma na bolti tu. Jasho litatoka, lakini itakaa.

Nyaya ndizo huwatoa watu jasho la pili. Probox za mwanzo, zilizoanza kutengenezwa mwaka 2002, zile za otomatiki zina gia 4 zinazoamuliwa na kompyuta. Kompyuta hiyo hupata habari kutoka kwa sensa za mwendo, kisha inafungua na kufunga vali ndogo za umeme zilizo ndani ya giaboksi. Plagi ya vali hizo ikisahaulika, gari litaondoka, lakini likwame kwenye gia moja na kupanda mlima kama trekta ya miwa. Taa ya O/D OFF nayo itawaka na kuzima kwenye dashibodi. Hapo ndipo muuzaji hupigiwa simu na kutukanwa bure. Lala kwanza tena chini ya gari.

Halafu kuna swichi ya ubavuni, pale kebo ya wenzo wa gia inapoishia. Hiyo ndiyo inayoruhusu starta kuzunguka gia ikiwa P au N tu, na ndiyo inayowasha taa za rivasi. Giaboksi iliyotolewa kwenye Toyota nyingine ndogo inaweza kukaa sawasawa, ila plagi ya swichi ikakataa kwa kuwa pini hazilingani. Dawa yake ni rahisi: hamisha swichi ya zamani uifunge kwenye giaboksi mpya, kisha uirekebishe ili N yake ilingane na N ya wenzo. Lakini jua linazama, ufunguo unazungushwa na starta iko kimya, na fundi aliyeitwa dakika za mwisho anasema, “Boss, tuunge moja kwa moja.” Anakata nyaya mbili, anazifunga pamoja, na gari linawaka. Sasa litawaka hata likiwa kwenye D, mtu akiwa ameinama mbele ya bampa. Mimi fundi wa namna hiyo simlipi.

Waya unaosahaulika zaidi hauna hata plagi. Ni ule mnene wa ethi, unaotoka kwenye betri au bodi na kufungwa kwa bolti moja kwenye giaboksi. Ukiachwa ukining'inia, umeme mwingi wa starta hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na njia iliyo karibu huwa kebo ya gia au ya mafuta. Starta inagugumia, taa zinafifia, na ukigusa kebo unakuta imepata moto, plastiki yake imeanza kunuka. Wengi hukimbilia kubadilisha betri. Ondoa bolti ile, piga msasa pale chuma kinapokutana na chuma, kisha urudishe waya na ukaze.

Vibano vya plagi vya magari ya umri huu hukatika vikiguswa tu, kwa sababu ya joto. Kipande cha mpira wa tyubu kitaishika plagi kwa muda, mradi isilale juu ya ekzosi. Na kabla ya kuchomoa chochote, toa waya hasi wa betri na upige picha kwa simu kila plagi ikiwa bado mahali pake.

Mkimaliza, funga breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu na ujaribu kuwasha gari likiwa D: lisiwake. Weka R, shemeji aangalie taa za nyuma. Kisha nenda Awendo na kurudi bila abiria, ulale tena chini na kukagua kama kuna waya uliobanwa au ulioanza kuungua.