Upatanifu baina ya Kamera Changamani na Programu Zilizopo

Makala haya yanaeleza jinsi programu za zamani zinavyowezeshwa kutumia kamera za aina mpya katika Linux. Kiolesura cha Video4Linux2, kilichoingizwa mwaka 2002 katika kiini cha mfumo huo, yaani sehemu inayotawala vifaa, huichukulia kamera kuwa kifaa kimoja: programu hufungua faili, hutaja ukubwa wa picha, kisha hupokea picha. Kamera ya USB huafiki dhana hiyo, kwa kuwa kazi ngumu hutendeka ndani yake. Sivyo ilivyo kwa kamera nyingi za simu. Humo kihisi, kipokezi cha data na kichakataji picha ni sehemu mbalimbali. Kila moja hurekebishwa peke yake, na kiasi cha mwanga hukokotolewa upya kutokana na takwimu za picha zilizotangulia. Programu ya zamani huambulia data ghafi isiyotazamika.

Je, nani aubebe utata huo? Mradi wa libcamera, uliotangazwa mwaka 2018, umeuweka katika maktaba ya programu iliyo nje ya kiini. Maktaba nyingine ndogo hutangulizwa kupakiwa, hudaka miito ya programu kwa kamera, na kuijibu kana kwamba ni kamera ya kawaida. Hila hii (neno si la kubeza) haidai programu ibadilishwe hata herufi moja. Hata hivyo, programu iliyofungashwa pamoja na maktaba zake zote katika faili moja haidakwi. Na ile inayodakwa huonyeshwa uwezo wa kamera ya mikutano tu, hata kifaa kiwe na uwezo wa kutoa mikondo miwili ya picha kwa pamoja.