Diski ya picha kwa bibi: Anza na deki yake, ndipo uchague programu

Igamba. Mtoto anayezaliwa Igamba, wilayani Mbozi, siku hizi anaweza kupigwa picha nyingi kabla hajatimiza mwaka kuliko alizopigwa bibi yake maisha yake yote. Lakini picha hizo zimo ndani ya simu ya mama au baba, ambaye pengine anafanya biashara Tunduma, anafundisha Vwawa au ameajiriwa Dar es Salaam. Bibi aliyebaki nyumbani na mibuni yake hazioni. Na simu ikiibwa stendi au ikitumbukia kwenye ndoo ya maji, zimepotea zote.

Ndiyo maana zipo familia zinazoamua kukusanya picha, kuzipanga zipite moja baada ya nyingine kwenye runinga zikiwa na sauti, kisha kuzichoma kwenye diski. Kwa mzee asiyetumia simu janja, hiyo ni zawadi isiyohitaji bando wala nywila. Anaweka diski, anabonyeza kitufe, anawaona wajukuu.

Hata hivyo, diski za namna hiyo zinaweza kuishia kabatini. Inafika kijijini, deki inagoma kuisoma. Au inasomeka, lakini picha zinakimbia na maandishi ni madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa. Mara nyingi kosa lilianza mapema, pale mzazi alipotafuta programu nzuri kabla ya kujua bibi ana kifaa gani sebuleni.

Bibi ana nini nyumbani?

Kabla ya kupakua chochote, mwombe kijana aliye nyumbani apige picha ya deki na runinga, mbele na nyuma, akutumie. Picha hizo ndizo zitakazokuchagulia programu.

Kama runinga ni bapa na ina tundu la USB, huenda huhitaji diski kabisa. Tengeneza video ya aina ya MP4, iweke kwenye flashi, na kazi imekwisha. Kama kuna deki ya zamani isiyo na tundu la USB, lazima utengeneze DVD ya video, ile ambayo deki yoyote ya DVD imeundwa kuisoma. Kama kuna sabufa ya flashi pekee, bibi atasikia sauti tu. Hapo albamu ya picha zilizosafishwa studio itamfaa zaidi.

Tofauti hii ndiyo inayowaangusha wengi. Mtu anachukua video ya MP4, anainakili kwenye diski kwa kompyuta, anaicheza kwenye kompyuta hiyohiyo na kuridhika. Kwa deki ya zamani, diski hiyo ni kama barua iliyoandikwa kwa lugha isiyoijua. DVD ya video ina folda yake maalumu inayoitwa VIDEO_TS, na hutengenezwa na programu ya kazi hiyo.

Kazi mbili, programu mbili

Kupanga picha na kuchoma diski ni kazi mbili tofauti. Programu nyingi za sasa zinaweza ya kwanza tu.

Kazi ya kupanga picha, kuandika majina na kuweka sauti inaweza kufanyika kwenye simu. CapCut, InShot na KineMaster ni miongoni mwa programu zinazotumika sana. Angalia mambo matatu: kama toleo la bure linaweka nembo juu ya picha, kama linakuruhusu kurekodi sauti yako, na kama unaweza kuhifadhi video kwenye simu bila kulazimishwa kuirusha mtandaoni. Kwenye kompyuta yenye Windows 11, programu ya Clipchamp hufanya kazi hiyo hiyo.

Wazazi waliozoea Windows Movie Maker wawe waangalifu. Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2017. Novemba mwaka huohuo, kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilionya kuhusu tovuti iliyokuwa ikisambaza Movie Maker bandia, iliyomzuia mtumiaji kuhifadhi kazi yake mpaka alipe. Programu zilizovunjwa ambazo watu hugawana kwa flashi nazo zinaweza kuwa na virusi, na kompyuta yenye virusi ni mahali pabaya pa kufungulia picha pekee za ukoo.

Kwa kazi ya kuchoma, DVDStyler inapatikana bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Unaweka video uliyotengeneza, unachagua menyu, nayo inaigeuza kuwa DVD ya video. Kompyuta ya zamani yenye Windows 7 inaweza kuwa na Windows DVD Maker ndani yake. Microsoft iliiondoa kuanzia Windows 8. Kwa kuwa kompyuta nyingi mpya hazina sehemu ya kuwekea diski, utahitaji kifaa cha nje cha kuchomea. Usinunue kwa ajili ya diski moja. Uliza kwanza kwenye studio za picha au steshenari za Mlowo, Vwawa au Tunduma.

Ukienda kwa fundi, mwambie maneno haya: nataka DVD ya video, mfumo wa PAL, ifungwe kabisa baada ya kuchomwa. PAL ndio mfumo uliotumika na runinga zetu za zamani. Diski isiyofungwa inaweza kukubali kwenye kompyuta iliyoichoma na kukataa kwenye deki. Mwombe pia achome kwa mwendo wa polepole. Diski ya kawaida ya DVD hubeba GB 4.7, nafasi inayotosha kabisa.

Picha 60 zinatosha

Mzazi mwenye picha 2,000 kwenye simu hutamani kuziweka zote. Asifanye hivyo. Picha 60, kila moja ikikaa sekunde nane, ni dakika nane za kutazama. Mzee atamaliza bila kuchoka na ataomba irudiwe.

Kumbuka macho ya anayetazama. Mtoto wa jicho huwapata wazee wengi na kuufanya uso kwenye runinga uonekane kama uko nyuma ya ukungu. Tumia herufi kubwa, nyeupe juu ya nyeusi, na usizibandike pembeni kabisa, kwa kuwa runinga za zamani hukata kingo za picha. Epuka madoido ya kumwekamweka. Mwanga unaowaka na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde unaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watu wenye kifafa.

Muziki usifunike sauti. Kinachomfaa zaidi bibi ni mtoto wake akisema kwa Kiswahili au Kinyiha: "Huyu ni Neema, mtoto wa mdogo wangu, hapa ni siku ya kipaimara chake." Bibi asiyejua kusoma hatahitaji mtu wa kumsomea, na mwenye macho hafifu atamtambua mtu kwa jina hata asipomwona vizuri.

Kwa mzee anayeanza kusahau

Diski ya namna hii ina uzito wa pekee pale nyumbani kunapokuwa na mzee ambaye kumbukumbu zinamtoka. Wataalamu wa afya ya akili hutumia picha, nyimbo na vitu vya zamani kumrejesha mgonjwa kwenye mazungumzo ya maisha yake. Mwaka 2018 mapitio ya Cochrane yaliyokusanya tafiti 22, zenye washiriki karibu 2,000 wenye ugonjwa wa kusahau, yalionyesha kwamba njia hiyo inaweza kusaidia mawasiliano na hali ya maisha, ingawa faida ilikuwa ndogo na ilitofautiana kwa namna ilivyotolewa. Kwa hiyo diski si dawa. Ni njia ya kukaa pamoja.

Namna ya kukaa huko ina maana. Usimfanyie mzee mtihani kwa kumuuliza, "Bibi, huyu ni nani?" Asipojua ataona aibu na kunyamaza. Mtajie jina, kisha mwache aseme anachotaka. Akilia kwa kumwona marehemu babu, simamisha picha, mshike mkono, msubiri. Akikasirika au kuchoka, zima.

Na kama mzee anapotea njia ya shamba alilolilima miaka 30, anarudia swali lilelile kila baada ya muda mfupi au anawashuku watoto wake kuwa wamemwibia, mpeleke hospitali. Kusahau kwa kiwango hicho si uzee wa kawaida, wala si kurogwa. Wakati mwingine chanzo ni maambukizi, upungufu wa vitamini, tezi au sonona, na hayo yana matibabu.

Afrika Mashariki ina somo lake kuhusu kumbukumbu za familia. Miaka ya 1990 nchini Uganda, akina mama wanaoishi na VVU wa chama cha NACWOLA walianza kuwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: picha, asili ya ukoo, majina ya ndugu, mambo ambayo mzazi alihofia hatakuwepo kuyasimulia. Hawakuwa na programu yoyote. Walijua tu kwamba mtoto atakuja kuuliza.

Linda picha, linda watu

Usikusanye picha kutoka kwa ndugu kwa kutumiwa kama picha za kawaida za WhatsApp, kwa sababu hubanwa na kupoteza ubora. Waombe wazitume kama nyaraka. Hakikisha picha halisi zinabaki mahali pawili: kwa mfano, flashi iliyofungiwa kabatini na simu au kompyuta ya ndugu mwingine. Diski iandikwe kwa kalamu laini ya wino, isibandikwe karatasi, na isiachwe juani.

Waulize pia wenye picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, lakini hata bila sheria, picha ya mtoto akioga au ya mgonjwa kitandani si ya kukabidhi steshenari. Mpe fundi flashi yenye kazi husika tu, na uombe aifute kwenye kompyuta yake mbele yako.

Kabla ya kuituma diski, ijaribu kwenye deki ya jirani yenye umri kama wa bibi. Ikikubali huko, mpe anayesafiri.

Na siku utakayofika Igamba mwenyewe, toa zile picha za zamani za karatasi zilizo kwenye sanduku la bibi, zipige kwa simu moja moja kwenye mwanga wa mlangoni, na urekodi sauti yake akitaja walio kwenye picha: yupi ni shangazi, yupi alifariki mtoto, shamba lile lilikuwa la nani. Programu unaweza kuipakua tena mwakani. Majina hayo yako kwa bibi peke yake.