Hija Huishia Nyumbani

Kila mwaka, ifikapo tarehe 3 Juni, mahujaji hukusanyika Namugongo, Uganda, mahali ambapo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto mwaka 1886. Wako watokao hata Kongo. Sikukuu ikiisha, mhujaji wa Oicha hufunga mzigo wake, huvuka mpaka kati ya Mpondwe na Kasindi, na kushika njia ya Beni.

Njia hiyo nayo ni njia ya msalaba. Pale Mpondwe, tarehe 16 Juni 2023, watu zaidi ya 40 waliuawa katika shule ya sekondari, wengi wao wanafunzi. Ukipita Beni kuelekea kaskazini utafika Mbau, ambako mapadre watatu Waasumpsioni walitekwa parokiani tarehe 19 Oktoba 2012, wala hawajarudi. Mbele kidogo ni Oicha, na mashamba ambayo tangu mwaka 2014 wenyewe huyaendea kwa hofu, kwa sababu ya kundi la ADF, lililozaliwa Uganda. Njia iyo hiyo hufika Komanda, ambako watu zaidi ya 30 waliuawa Julai 2025, waamini wakikesha katika sala.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza baada ya somo la dini: “Mwalimu, Mashahidi wa Uganda waliulizwa imani yao, wakaikiri, wakapata taji. Baba yangu hakuulizwa neno. Alikatwa panga akichuma kakao. Je, yeye amepata nini?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimkumbusha tu wale watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Nao hawakuulizwa neno, na Kanisa huwaadhimisha kila mwaka, tarehe 28 Desemba.

Akauliza tena: “Na Waislamu wa mtaani kwetu, tuwafanyeje?”

Wasomaji wapenzi, hili ndilo swali zito. Wauaji husema wanapigania dini. Je, tuwadai jirani zetu damu hiyo? Kumbukeni kwamba tarehe 1 Mei 2021, katika mwezi wa Ramadhani, Shehe Ali Amini, aliyewakemea wauaji hao hadharani, alipigwa risasi msikitini Beni akiwa katika sala. Tarehe 27 Juni mwaka huohuo bomu lililipuka katika kanisa katoliki la Butsili, mjini humohumo, siku ambayo watoto walitazamiwa kupokea Kipaimara. Msikiti umelia, na kanisa limelia.

Namugongo penyewe panatuonya. Mwaka 1886 Wakatoliki na Waanglikana walikufa katika moto mmoja. Haikupita miaka sita, Januari 1892, ndugu zao katika imani walishika bunduki wakapigana wao kwa wao pale Mengo, na kanisa la Rubaga likateketea. Basi, tusidhani kwamba kujivunia mashahidi kwatosha kuusafisha moyo.

Siwaambii waliofiwa wasilie, wala sisemi wauaji wasihukumiwe. Haki ni fadhila, na kuwalinda raia ni wajibu wa serikali. Lakini haki ni jambo moja, kisasi ni jambo jingine. Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, aliikataa dhambi hata kufa, lakini alimsamehe muuaji wake. Hakuuita uovu wema. Alikataa tu uovu usiingie moyoni mwake.

Ndugu mhujaji, ukifika Oicha, wagawie jamaa zako maji ya Namugongo uliyoyabeba. Kisha mtembelee mjane. Mtafutie yatima daftari na karo ya shule. Na jirani yako Mwislamu akifiwa, nenda ukakae naye matangani. Hapo ndipo utakapoweza kusema kwamba hija yako imefika mwisho.