Kusimulia Hadithi Mbele ya Watu

Fungueni daftari zenu, lakini wekeni kalamu chini. Leo tutatumia mdomo na masikio.

Desturi mwaijua. Msimulizi husema, "Paukwa!" Nanyi hujibu, "Pakawa!" Msidhani huo ni mchezo tu. Kwa jibu hilo msimulizi hujua kama watu wako macho. Wakijibu kwa unyonge, huita tena, wala haanzi mpaka sauti zijae.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Siku moja niliandika hadithi kwa mwandiko mzuri, nikawasomea watoto wa ndugu yangu neno kwa neno. Nilipoinua macho, wawili wamelala, na wa tatu anatazama kuku. Bibi yao, asiyejua hata herufi moja, akaisimulia hadithi ile ile, na yule wa kuku akasogea karibu. Tangu siku ile nikawa mwanafunzi wake.

Sasa ketini kwa duara, watu sita au saba. Tuchukue hadithi ya kima na papa, moja katika zile alizozikusanya Edward Steere huko Unguja na kuzipiga chapa London mwaka 1870. Kima alikaa juu ya mkuyu, akimtupia papa matunda. Papa akamwalika kwao, akamchukua. Walipofika mbali baharini akamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kuwa wao huiacha mioyo yao mitini. Wakarudi kuuchukua; kima akapanda, asishuke tena.

Msikariri maneno. Shikeni mambo matano tu: mkuyu, safari, siri, hila, kurudi. Mmoja asimulie, wengine wasimkatize. Akimaliza, msimwambie, "Umekosea." Neno hilo humfunga mtu mdomo. Mwambieni, "Pale baharini sikuona maji." Atasimulia tena, na maji yataonekana.

Mahali pazito ni pale papa anapotoa siri. Wasimulizi wapya hupapita mbio. Wewe nyamaza kidogo. Kima yuko katikati ya maji, na nchi kavu haionekani. Waache watu waogope pamoja naye. Kisha kima ajibu polepole, kama mtu aliyesahau kofia yake nyumbani. Hapo ndipo watacheka.

Hadithi nyingine zina wimbo. Katika ile ya Nunda mla watu, kijana huua mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila mara humwimbia mama yake, naye humjibu kuwa siye. Wafundisheni watu kiitikio kabla hamjaanza. Mwenye sauti mbaya kama yangu asiogope, maana kiitikio ni cha wote.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja amwendee mzee wa nyumbani kwake, amwombe hadithi moja. Mzee akikataa mchana, msimshurutishe. Wengi hushika kwamba hadithi ni za usiku. Sikilizeni bila kuandika. Asubuhi yake andikeni maneno matano tu ya kuikumbukia, na chini yake jina la mzee aliyewapa. Njoni nayo darasani. Kwaherini.