"Jina Lako Haliko": Namna Tableti Inavyotafuta Watu

(Muziki wa kipindi uchezwe kidogo, kisha ushuke.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya maneno matatu ambayo karibu kila mmoja wetu amewahi kuyasikia akiwa kwenye foleni. Sikilizeni kwanza.

MTUMISHI: Mama, jina lako haliko.

MAMA: Mwanangu, mwezi uliopita nilipokea mgao hapahapa.

MTUMISHI: Nimetafuta, mama. Haliko kwenye sistemu. Sogea kidogo, mwenzako apite.

MTANGAZAJI: Mama anasogea na gunia lake tupu. Wengine hapo wanaanza kulia, wengine wanatukana, wengine wanarudi nyumbani kimya na kungoja mwezi unaofuata. Mimi nataka leo tujue kitu kimoja: tableti ikikosa jina lako, haijasema kwamba haupo. Imesema tu kwamba herufi zilizoandikwa pale juu hazikulingana na herufi zozote zilizomo ndani. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na kati yake ndimo chakula chako kinapopotelea.

Tuanze na hicho kitu chenyewe. Ndani ya tableti, au simu kubwa anayoshika mtumishi, kuna orodha. Ifikirie kama daftari la madeni la mwenye duka. Kila familia ina ukurasa wake, na kila ukurasa una visanduku: namba ya familia, jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, watu wangapi. Lakini orodha hii ina makumi ya maelfu ya kurasa, na kioo kinaonyesha mistari michache tu. Mtumishi hawezi kufunua zote. Kwa hiyo anaandika kitu kwenye sehemu ya kutafuta, na mashine inamletea mistari inayolingana nacho. Akibonyeza mstari mmoja, ukurasa mzima wa familia unafunguka.

Sasa, mwenye duka anakujua. Ukimwambia "mimi ni Mama Grâce," hata kama aliandika "Mama Gresi," atacheka na kukuonyesha deni lako. Mashine haicheki. Kwake Grâce ni mtu mmoja na Gresi ni mtu mwingine.

Na majina yetu, ndugu zangu, yamepita mikono mingi. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR waliwahakiki upya wakimbizi wote wa Uganda kwa alama za vidole na kwa macho. Kazi ilianza mwezi wa tatu na kuisha mwezi wa kumi. Hesabu ya zamani ilikuwa kama watu milioni 1.4, waliohakikiwa walikuwa kama milioni 1.1. Fikiria majina zaidi ya milioni moja yakiandikwa ndani ya miezi minane, mengi na vijana ambao hawakuwahi kuyasikia maishani. Wewe unatamka Kikongo, yeye anaandika Kiingereza. Jeanne anakuwa Jane. Dieudonné anakuwa kitu ambacho hata mama yake mzazi hawezi kukisoma.

Kuna mitego ya aina tatu kwenye majina, na ukiijua unaweza kumsaidia mtumishi badala ya kugombana naye.

Wa kwanza ni herufi zinazobadilishana. Kwetu wengi r na l ni ndugu: Rukia na Lukia. Herufi h inaingia na kutoka inavyotaka: Hassan, Asani. Kuna programu zinazojaribu kutafuta kwa sauti badala ya herufi. Njia moja ya zamani inaitwa Soundex. Ilisajiliwa Marekani mwaka 1918, ikatengenezwa kwa ajili ya majina yanayotamkwa kwa Kiingereza. Inaligeuza kila jina kuwa herufi moja na namba tatu. Bahati na Baati inawaona ni mtu mmoja, vizuri. Lakini herufi ya kwanza ya jina haiguswi kamwe, na r na l zina namba tofauti. Hivyo Hassan na Asani hawakutani, wala Rukia na Lukia. Mzungu aliyeibuni mwaka ule hakuwa anamfikiria mtu wa Ariwara, na simlaumu, lakini basi msitegemee kwamba mashine "itaelewa".

Wa pili ni mpangilio. Sisi tuliotoka Kongo tuna jina, postnom, na prénom. Fomu za hapa mara nyingi zinataka jina la ukoo na jina la kupewa, basi. Lile la tatu lilikwenda wapi? Pengine liliunganishwa na la pili, pengine liliachwa. Ukitaja majina yote matatu kwa mpigo na mtumishi akayaandika yote matatu, mashine inaweza kutafuta mtu mwenye majina hayo matatu kwa mpangilio huohuo, isimpate. Mwombe atafute jina moja tu. Afadhali zaidi, mwombe aandike herufi tatu au nne za mwanzo, halafu asome orodha inayotokea. Ni jambo la kushangaza: ukiandika kidogo unapata zaidi. Watu wengi, hata watumishi wapya, hufanya kinyume, wakidhani wakiongeza maneno mashine itaelewa vizuri. Kila neno unaloongeza linafunga mlango mmoja.

Wa tatu ni tarehe ya kuzaliwa. Wengi wetu hatukujua siku, tukaandikiwa tarehe 1 mwezi wa 1. Ukitafuta kwa tarehe hiyo utapata kijiji kizima. Isitumike peke yake.

Njia iliyo bora kuliko majina yote ni namba. Ile karatasi ya familia, watu wanaiita atesitesheni, ina namba ya familia yako, na hakuna familia nyingine yenye namba hiyo. Namba haina Kiswahili wala Kifaransa. Lakini nayo ina hila yake: sifuri na herufi O zinafanana, moja na herufi I zinafanana, hasa kama karatasi imelowa mvua au imekunjwa miaka mitano ndani ya Biblia. Isomeni polepole pamoja, tarakimu moja moja. Na iandike mahali pa pili nyumbani. Karatasi ikiungua na nyumba, namba ibaki.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa nitawaeleza kilichompata shangazi yangu, kwa sababu kwake jina liliandikwa sawasawa, namba ilisomwa sawasawa, na bado aliambiwa "haliko".

Mwezi mmoja alikwenda kwenye mgao mapema, akarudi saa tisa bila kitu. Mwezi wa pili vilevile. Tulikula kwa majirani, na majirani nao mnajua hali yao. Ndipo nikaenda naye. Kijana wa meza ile alitafuta, kweli hakuona. Nikamwomba kwa heshima aniruhusu nitazame kioo pamoja naye. Juu ya ile sehemu ya kutafuta kulikuwa na maandishi madogo: jina la zoni nyingine. Ile tableti ilikuwa imewekewa kichujio. Asubuhi ilitumika kwa zoni ile, na hakuna aliyekiondoa. Kwa hiyo mashine ilikuwa inatafuta shangazi katika zoni ambayo hajawahi kulala hata siku moja. Kijana alibonyeza mara mbili, kichujio kikaondoka, na familia ya watu sita ikatokea. Miezi miwili ya njaa, na tiba yake mibonyezo miwili.

Kichujio ni kitu kizuri, kinapunguza orodha ili kazi iende haraka. Ubaya wake ni kwamba hakipigi kelele. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: "Kaka, au dada, samahani, umechagua sehemu gani hapo? Tunaweza kutafuta sehemu zote?" Hapa kwetu swali hili lina uzito zaidi, maana mipaka imebadilika. Watu walioandikishwa Rhino Camp au Imvepi walipokuwa wilaya ya Arua, leo wako Madi-Okollo, iliyoanza mwaka 2019, au Terego, iliyoanza mwaka 2020. Wewe hukuhama, wilaya ndiyo iliyokuhama. Ukurasa wa zamani ukiwa umebaki na neno "Arua", na kichujio kimewekwa "Terego", hamtaonana.

Jambo jingine ni nakala. Huku vijijini mtandao ni wa kubahatisha. Ndiyo maana mara nyingi kinachobebwa kwenye tableti ni nakala iliyopakiwa beskampu au mjini Arua kabla ya gari kuondoka. Ukurasa wako ukibadilishwa leo asubuhi ofisini, nakala iliyopakiwa jana haijui. Mtoto aliyeandikwa jumatatu anaweza asionekane jumatano. Hapo hakuna aliyekufuta. Uliza: "Orodha hii ni ya tarehe ngapi?" Kama uliandikisha baada ya tarehe hiyo, mwombe akuelekeze meza ya malalamiko, ile wengi tunaiita litigesheni, ukiwa na karatasi uliyopewa siku ya kuandikisha. Usikubali kuondoka bila jina lako kuandikwa kwenye orodha ya meza ile.

Na vidole? Wengi wanaamini kidole hakikosei. Kidole hakisahau jina, kweli, lakini mtu aliyelima na kuchoma mkaa miaka arobaini, mistari ya kidole chake imelika. Mzee akibonyeza na taa ikikataa, si kwamba yeye ni mwizi. Anawe mikono, aipanguse ikauke, ajaribu kidole kingine, na macho yapo kwa ajili hiyo. Pia kumbukeni kwamba ni rahisi zaidi kwa mashine kulinganisha kidole chako na ukurasa mmoja uliokwisha kufunguliwa kwa namba, kuliko kukitafuta katika vidole vya watu wote. Kwa hiyo namba kwanza, kidole baadaye.

Hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote. Kuna watu wakiambiwa "haliko" wanakasirika, wanakwenda kujiandikisha upya kwa jina jingine. Usifanye hivyo. Jina la pili litaingia, lakini vidole ni vilevile. Siku mashine itakapolinganisha, itaona mtu mmoja mwenye kurasa mbili, na sasa wewe uliyekuwa na haki ndiye utaonekana mdanganyifu. Kurasa zote mbili zinaweza kusimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Kosa dogo la herufi lisikufanye utengeneze kosa kubwa la mtu.

Haya si ya chakula tu. Wakati ndugu zetu wa Kivu walipokimbia vita vya M23 kuanzia mwaka 2012, huku Uganda kulijaribiwa programu ya simu iliyoitwa RapidFTR, ya kuandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao. Picha ya mtoto, jina lake, la mama, kijiji alichotoka, vyote viliingia ndani ya simu badala ya kungoja makaratasi yasafiri. Mzazi alipokuja, mfanyakazi alitafuta ndani ya simu hiyo. Wazia mtoto wa miaka mitano anavyotaja jina la mama yake: "Mama." Au jina la utani. Kwa hiyo ukimtafuta mtoto au ndugu kupitia Msalaba Mwekundu, usitoe jina moja la kanisani ukanyamaza. Toa jina la nyumbani, jina la utani, namna mbili tatu za kuliandika, mto au kanisa la karibu na kwenu. Kila kimoja ni mlango mwingine wa kutafutia.

Na ukurasa wako ukionekana, usiondoke mbio. Mwombe mtumishi akusomee: watu wangapi, majina gani, kijiji gani. Kusomewa ni haki yako, si fadhila. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inakupa nafasi ya kujua kilichoandikwa juu yako na kuomba kosa lirekebishwe. Lakini msisomewe kwa sauti mbele ya foleni nzima, na mtu mwingine yeyote asipige picha kile kioo. Marekebisho hayafanywi na kijana wa mgao. Yeye anaweza kutazama na kutafuta, kwa kawaida hawezi kubadilisha. Hubadilishwa kwenye ofisi za uandikishaji, na hayalipiwi. Anayekuomba shilingi ili "akurudishe kwenye sistemu" ni tapeli, hata kama amevaa koti lenye nembo.

Wa Lobule walioniuliza wafanye nini kama ofisi iko mbali: pigeni 0800 32 32 32. Haikati pesa, na Kiswahili kinazungumzwa. Kabla ya kupiga, weka karatasi ya familia mbele yako, na useme mambo kwa mpangilio huu: namba ya familia, tarehe uliyoambiwa "haliko", mahali pa mgao, na ni nini kilichotafutwa, jina, namba au kidole. Ukipewa namba ya malalamiko, iandike nyuma ya karatasi hiyohiyo. Shangazi yangu ameiandika kwa makaa ukutani, nayo inasomeka.

(Muziki upande.)